Mfadhili akifunga virago, mradi unakufa. Nani ana mfano wa uliobaki hai?

#1 MtotoWaZiwa
Wakuu, salamu. Niende kwenye mada.

Shule ya msingi niliyosoma, huku mwambao wa Tanganyika, ina bango la bati mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nembo tatu za wafadhili, jina la mradi, mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Nyuma ya bango ndipo kilipokuwa kitalu cha miche. Leo zimebaki nguzo za kichanja zilizoliwa na mchwa na viriba vilivyochanika, kuku wanachakura humo. Chumba cha maktaba ni stoo ya madawati mabovu. Vitabu vilikuja na kontena, hesabu za mle ndani ni za pauni na peni, na kwenye sayansi kuna picha ya mtoto anapima kina cha theluji kwa rula.

Basi mwaka 2025 Marekani ikasitisha misaada Januari, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Hapa Kigoma kulikuwa na mradi wa Tumaini Kupitia Vitendo, wa USAID na Taasisi ya Jane Goodall, uliotangazwa 2023 kwa miaka 5 na dola milioni 29.5. Nao ukakumbwa na fagio hilo.

Hoja yangu: mashirika ya hisani hayatujengei kitu, yanatupangishia maendeleo. Pango likiisha tunatolewa vyombo nje. Elimu, mazingira, visima, yote yaleyale. Bisheni kwa mifano, matusi hapana.

#2 Kibajaji
Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

#3 MzeeWaUjiji
Mtoa mada, Kigoma hiyohiyo ndiyo inayokupinga.

Marehemu Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuwaangalia sokwe. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi ilikuwa sokwe tu. Mwanzoni mwa miaka ya 90 akapita na ndege ndogo juu ya ile milima, akaona hifadhi imebaki kijani peke yake, pande zote miteremko mitupu. Mwaka 1994 yeye na taasisi yake wakaanzisha mradi wa vijijini, TACARE. Mwanzo walidhani kazi ni kugawa miche. Watumishi Watanzania wakatumwa vijijini kuuliza watu wanataka nini, na miti haikuwa ya kwanza kwenye orodha. Watu walitaka zahanati, shule, maji. Ndipo vikaja vikundi vya kuweka na kukopa, ufadhili wa wasichana sekondari, vyoo vya wasichana mashuleni, kahawa ya Kalinzi kutafutiwa soko, mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji.

Hayo yamevuka wafadhili wengi. EU ilikuwepo mwanzoni, wakaja wengine, wakaondoka. Misitu ya vijiji ipo kwenye ramani na sheria ndogo zipo. Usipime kwa kitalu kimoja kilichovamiwa na kuku.

#4 Bonge_la_Mtu
Mzee umemaliza. Ila hata zile klabu za vijana za Goodall, Roots & Shoots tulizokuwa tunalazimishwa shuleni zilitoka Marekani, tukapewa tu fulana.

#5 MzeeWaUjiji
@Bonge_la_Mtu zilianzia Dar es Salaam, 1991, na wanafunzi 12 waliokwenda nyumbani kwa Goodall kuzungumzia mambo yaliyokuwa yanawakera. Huko Marekani zilipelekwa baadaye. Fulana sijui, mimi sikupewa.

#6 MhasibuMstaafu
Nimefanya hesabu za mashirika tangu enzi za vitabu vya karatasi. Wengi hapa mnalaumu nia, mimi nawaonyesha vitabu.

Pesa nyingi za mradi zina masharti. Mfadhili ameandika: hizi za viriba, hizi za semina, hizi za mafuta ya gari. Ukibakiza za viriba huwezi kulipa mlinzi wa kitalu, itabidi uombe kibali kwa barua. Siku ya mwisho ya mkataba kilichobaki kinarudishwa, na kila shilingi iliyotumika kesho yake haitambuliki. Kwa hiyo miezi mitatu ya mwisho ofisi nzima inahangaika kumaliza fungu na kuandika ripoti. Hakuna fungu linaloitwa "baada ya sisi kuondoka". Nimeliweka mara nyingi kwenye bajeti, likakatwa kila mara, kwa sababu mfadhili haoni picha ya kupiga hapo.

Kwa hiyo kitalu cha mtoa mada kilikufa siku mkataba uliposainiwa.

#7 MamaKitalu
Mhasibu umesema kweli ya ofisini. Ya shambani ni hii.

Mradi unahesabu miche iliyopandwa. Wanakuja Desemba, mvua imeshika, watoto wa shule wanapanga mstari, mheshimiwa anapanda mti wake, picha, soda. Miche elfu moja imepandwa, ripoti imekwenda. Njoo Septemba uhesabu iliyobaki. Mbuzi wamekula, moto umepita, na mingine ilipandwa na kiriba chake, yaani mtoto hakuambiwa achane nailoni, mizizi ikajizungusha humohumo hadi mche ukafa.

Kuna waliolijua hili mapema. Green Belt Movement ya Wangari Maathai, kule Kenya tangu 1977, iliwalipa akina mama kidogo kwa kila mche uliokamata ukaishi. Wa kwanza kurudi kuangalia mche ni yule anayesubiri malipo yake. Badilisheni kinachohesabiwa, mengine yatajirekebisha.

#8 Kibajaji
Mama K, kwa hiyo mti wa mheshimiwa nao unapona?

#9 MamaKitalu
Wa mheshimiwa una uzio wake wa matofali. Huo unapona.

#10 PwaniKusini
Hamjambo kutoka Kwale. Mtoa mada alitaka mfano ulio hai, aje Gazi.

Mikoko yetu ilikatwa sana zamani, hasa miaka ya 70, kuni za viwanda. Sehemu zikabaki matope matupu na chumvi. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaanza kupanda tena kwa majaribio, kwa miaka mingi, bila kelele. Halafu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaingia kwenye Mikoko Pamoja: msitu ukipimwa unahifadhi hewa ya ukaa kiasi fulani kwa mwaka, cheti kinatoka kwa Plan Vivo, wathibitishaji wa miradi ya hewa ya ukaa, wanunuzi wa ng'ambo wanalipa, pesa inarudi kijijini. Baraza linakaa, watu wanapendekeza, kamati inaamua. Maji yamevutwa, vitabu vya skuli vimenunuliwa, madarasa yamekarabatiwa. Watu wamepandiwa mivinje kando ili mwenye haja ya boriti na kuni asiuguse mkoko. Mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP.

Hapa mradi una bidhaa inayouzwa, haumngoji mfadhili ajisikie vizuri. Zaidi ya hekta 400 zinalindwa.

#11 Mwanabahari_Vanga
Jirani yangu @PwaniKusini, hekta 400 na zaidi ni zetu sisi, Vanga, Jimbo na Kiwegu, ule mradi uliofuata baadaye. Gazi ni hekta 117. Msitupokonye na mikoko.

#12 PwaniKusini
Haya, 117. Lakini sisi ndio kaka, nyie mlikuja kunakili.

#13 Nyundo_ya_Hoja
Kabla hamjapeana mikono. Hewa ya ukaa ni nini kama si mfadhili aliyebadili jina? Mnunuzi yuko Ulaya, akiamka kesho aseme hataki, mnaishia palepale kwenye bango la mtoa mada. Na hekta 117 zinaleta tani kama 3,000 kwa mwaka. Hiyo ni pesa ya bomba la maji na madaftari. Kijana hapati ajira hapo. Isitoshe huyo mnunuzi anaendelea kutoa moshi wake huko, sisi ndio tumfagilie.

#14 PwaniKusini
Ajira ni chache, hilo wala sibishi. Bomba la maji lakini uliza wanawake waliokuwa wakibeba ndoo. Na hata bei ikianguka, mikoko iko wima na samaki wanazaa humo. Wewe kitalu chako kikifa unabaki na nini?

#15 BintiKilwa
Nyundo, twende kusini mwa Tanzania basi, uone bidhaa isiyokuwa hewa.

Kilwa kuna mpingo. Zamani mfanyabiashara alikuja na kibali chake cha wilayani, anakata, anapakia, kijiji kinaambulia vumbi la lori. Lile shirika la mpingo, MCDI, halikugawa kitu. Lilikaa na vijiji kupima mipaka, kuhesabu miti, kuandika mpango wa uvunaji na kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji chenye msitu wake uliotengwa kubaki na mapato yake. Mwaka 2009 wakapata cheti cha FSC, cha msitu unaovunwa kwa utaratibu, na vijiji kama Kikole vikauza magogo yenye cheti. Ndiyo miti inayokwenda kutengeneza zumari na klarineti Ulaya.

Nilichokiona kwa macho yangu ni siku ya kupima. Kamati ya maliasili ina rula ya chuma na nyundo yenye alama ya kijiji. Gogo linalala chini, mzee mmoja anaita urefu, kijana anaandika, mnunuzi anajaribu kusema kuna ufa atoe sentimita kadhaa, na mama mmoja wa kamati anachutama, anapitisha kidole kwenye huo ufa, anasema "huu wa juujuu, andika yote". Mnunuzi akaandika yote. Semina gani ingemfundisha mtu hivyo?

Kilichofanya mradi usife ni umiliki wa ardhi, si soko. Soko la mpingo nalo hupwaya. Ila msitu ni wao kisheria.

#16 MtotoWaZiwa
Binti umeandika vizuri. Swali: shirika bado lipo au limeondoka? Kama lipo, hujajibu mada.

#17 BintiKilwa
Lipo, lakini kila mwaka halitakiwi kufanya yale liliyofanya mwaka wa kwanza. Au kuondoka kwako lazima watu wapande basi?

#18 Kibajaji
😂😂 Mtoa mada ameguswa.

#19 DerevaMstaafu
Mimi nimeendesha hadtopu ya mradi miaka mingi, shirika silitaji. Wote hapa mnasema ardhi, soko, hesabu. Hakuna aliyegusa posho.

Siku ya kwanza mradi unafika kijijini watu wanakuja bure kwa hamu. Siku ya pili kuna karatasi ya mahudhurio, saini, bahasha. Kuanzia siku ya tatu hakuna anayekuja bila bahasha, na ukisema leo hamna wanauliza "mmekula nyie?" Halafu mashirika mawili yanagombea kijiji kimoja, lenye posho kubwa linajaza ukumbi, la posho ndogo linakosa akidi. Nimeshuhudia mwenyekiti akihudhuria semina tatu kwa wiki, kilimo hifadhi, lishe, na utawala bora, shamba lake lina magugu hadi kiunoni.

Mradi ukiisha kinachokufa ni posho. Ushiriki ulishakufa zamani.

#20 Mwenyekiti_Mtaa
@DerevaMstaafu na nyie madereva mlikuwa mnalala kijijini bila posho ya safari? Mwananchi anaacha kibarua cha siku nzima aje kukusikiliza, unataka ale saini? Mtaalamu wenu analipwa mshahara, posho ya kujikimu, na maji ya chupa mezani. Mkulima ndiye ajitolee peke yake.

#21 DerevaMstaafu
Posho yangu ilikuwa halali, mkuu 😅 Lakini hoja yako nimeisikia.

#22 DomGogo
Nisaidie kutoka Dodoma. Kuna kitu kinaitwa Kisiki Hai, cha LEAD Foundation. Kule hakuna mche wala kiriba. Visiki vya miti iliyokatwa bado vina mizizi hai chini, vinachipua kila mwaka, na sisi kila mwaka tunafyeka tukilima. Wanakufundisha kuchagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogolea mengine, unafunga kitambaa kama alama, unalinda na mifugo. Basi. Kuni unapata kwenye matawi uliyopogoa.

Baba mkwe hajawahi kupewa hata jembe na shirika, alimwona jirani, akaiga. Shirika likiondoka leo atasimamisha nini? Hakuna cha kusimama. Mnazungumzia nani mmiliki na nani anunue, mimi nasema vinavyobaki ni vile visivyohitaji kuletewa kitu.

#23 MzeeWaUjiji
@DomGogo hata kule kwetu, misitu mingi ya vijiji iliyorudi ilirudi yenyewe kwa visiki baada ya kuachwa. Miombo ukiacha kuichoma na kuikata inajua kazi yake.

#24 MamaKitalu
Kwa hiyo sisi wa vitalu tukauze maandazi?

#25 DomGogo
Hapana mama, palipong'olewa hadi mizizi unahitajika. Na matunda. Kisiki hakichipui embe dodo.

#26 Ticha_Sekondari
Naona mmejaa miti, elimu mmeiacha kwenye stoo ya madawati.

Ufadhili wa wanafunzi una namna yake ya kutokufa. Binti akisomeshwa hadi kidato cha nne, shirika likifunga ofisi hawezi kurudishwa darasa la saba. Januari 2016 serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne, nilidhani mashirika ya ufadhili yamekwisha. Kumbe ada ilikuwa sehemu ndogo. Binti anatembea saa nzima na nusu kwenda shule ya kata, jioni bodaboda wanamngoja njiani. Walio makini wakahamia kwenye hosteli, sare, taulo za kike, baiskeli. Wasio makini waliendelea kupiga picha za madaftari.

Kasoro nayo ipo. Mfadhili anataka barua ya shukrani na picha kila muhula. Nimekaa na mtoto anaandika barua ya sita kwa mtu asiyemjua, ananiuliza "mwalimu, niseme nini kipya?" Na wanaochaguliwa ni wenye alama nzuri na historia ya kusikitisha. Mwenye alama za kawaida na maisha magumu ya kawaida haingii popote.

#27 WaKilifi
Mwalimu, kwetu walivifunga pamoja. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420, umezungukwa na vijiji vinavyokata miti kulipa karo. A Rocha Kenya tangu 2001 wana mpango wa ASSETS: basari za sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori la Mida, nao wazazi wanafundishwa kuhusu msitu na kupanda miti. Sehemu ya pesa inatokana na watalii wanaolipa kupita kwenye daraja la mbao pale Mida, juu ya mikoko.

Na kabla yao, 1993, kuna Kipepeo pale Gede, wanakijiji wanafuga vipepeo na pupa, yaani kipepeo akiwa bado kwenye kifuko chake, zinauzwa nje. Hiyo mpaka leo ipo. Mzazi anaacha kumlaani mdudu kwa sababu amemlipia karo.

#28 Nyundo_ya_Hoja
Basari inampa mtoto elimu, mtoto anakwenda Mombasa, harudi. Nani analinda msitu? Mmehifadhi shule.

#29 WaKilifi
Akienda Mombasa akapata kazi, mamake hakati mti kwa ajili ya mdogo wake. Wewe unataka abaki kijijini akilinde kichaka kwa ajili ya nani?

#30 Ticha_Sekondari
Nyundo leo umepigwa na Kwale, Kilwa na Kilifi. Kunywa maji.

#31 Nyundo_ya_Hoja
Wote hao wa baharini. Watalii wapo, watafiti wapo, njia ya kusafirisha ipo. Mleteni mmoja wa bara, pasipo na mtalii wala mpingo, kijiji cha mahindi tu. DomGogo peke yake ndiye kanijibu.

#32 Mkunazini
Na sisi visiwani tuongeze kidogo. Chumbe pale, hifadhi ya matumbawe tangu 1994, wageni wanalala kwenye mabanda kwa bei ya kutisha, pesa zao zinalipa walinzi waliokuwa wavuvi, na wanafunzi wa skuli za Unguja wanapelekwa kuyaona matumbawe. Watoto wengi wa pwani walikuwa hawajawahi kuweka uso chini ya maji, hasa wasichana. Hao wameendesha bila mradi wa miaka mitatu mitatu. Lakini mtalii akikosa kuja, kama wakati wa Korona, na wao roho juu.

#33 MhasibuMstaafu
Nimewasoma wote. Mtalii, hewa ya ukaa, mpingo, vipepeo: kila mmoja kamtoa mfadhili mmoja kaweka mwingine, ila huyu mpya analipa kwa kazi iliyofanyika, ripoti nzuri hazimshughulishi. Kwa mhasibu tofauti hiyo ni kubwa. @MtotoWaZiwa, yale majengo ya shule yako yalikabidhiwa kwa nani? Kuna hati? Nimeona mara nyingi mali ya mradi inabaki hewani, si ya kijiji wala ya halmashauri, hakuna mwenye haki hata ya kubadilisha kitasa.

#34 MtotoWaZiwa
Nimempigia mwalimu mkuu. Anasema ilifanyika sherehe, utepe ukakatwa, hati hajaiona. Funguo ya maktaba anayo mwenyekiti wa kamati ya zamani aliyehamia Uvinza.

Hata hivyo bado sijashawishika. Mengi hayatujengei. Mmeleta mifano michache, mabango Kigoma peke yake sijui mangapi.

#35 BintiKilwa
Ulisema "hayatujengei kitu". Sasa unasema "mengi hayatujengei". Tunakuona unavyorudi nyuma taratibu.

#36 Bonge_la_Mtu
Wakuu nje ya mada kidogo. Mradi ukiisha yale magari huwa yanakwenda wapi? Nauliza kwa nia njema.

#37 DerevaMstaafu
Inategemea mkataba. Mengine yanakabidhiwa halmashauri, mengine yanahamia mradi mwingine, mengine mnada. Nilikokuwa mimi yalikwenda mnada, na waliojua tarehe walikuwa wachache.

#38 Bonge_la_Mtu
Na pikipiki?

#39 DerevaMstaafu
Pikipiki muulize @Mwenyekiti_Mtaa.